Mtani Hasahau: Soga za Washabiki wa Simba na Yanga kama Historia Simulizi

UTANGULIZI

Makala haya yanahusu maneno ambayo sisi wasomi tumezoea kuyaita porojo. Ni maneno ya washabiki wa kandanda walioketi kijiweni, kikombe cha kahawa chungu mkononi na kashata pembeni, wakiongea juu ya klabu yao, juu ya safari ya kuifuata timu mkoani, na juu ya maisha ya mtaani kwa jumla: nani kafiwa, nani kahama, mchele umepanda kiasi gani. Mifano yetu tutaitoa Kariakoo, Dar es Salaam, kwa washabiki wa Simba na Yanga.

Swali tunalouliza ni hili: je, soga hizi zinaweza kuaminiwa kama historia? Wapo watakaotucheka. Watasema, "Ah, mpira huo bwana, hebu tujadili mambo ya maana." Lakini Isaria Kimambo alipoandika historia ya kisiasa ya Wapare, kitabu kilichotoka mwaka 1969, aliegemea sana masimulizi ya wazee, na leo hakuna mwanahistoria anayemcheka. Kama mzee wa Upare aliweza kuwa shahidi wa tawala za milimani kwao, kwa nini mzee wa Mtaa wa Msimbazi asiwe shahidi wa mji wake?

Jibu letu ni kwamba anaweza, ila kwa sharti. Soga za watani zina utaratibu wake wa kupima ukweli. Mtani ndiye karani: anatunza kumbukumbu za aibu ya mwenzake, na kwa kuwa kila upande una karani wa namna hiyo, uongo mkubwa haupiti. Lakini utaratibu huo huo una upofu wake. Jambo lisilomuuma mtani yeyote halitunzwi na mtu. Anayetaka kuzitumia soga hizi kama historia hana budi kuyajua yote mawili, nguvu yake na upofu wake.

ASILI YA UTANI WA MPIRA

Magazeti yetu huwaita Simba na Yanga "watani wa jadi". Wengi husoma maneno hayo bila kuyatafakari, kumbe yana uzito. Utani katika jamii zetu ni mkataba. Mnyamwezi na Mzaramo walitaniana tangu enzi za misafara ya biashara kati ya bara na pwani, na mtani alikuwa na haki ambazo ndugu hana. Msibani, watu wote wakiwa wameinamisha vichwa, mtani anaweza kumsema marehemu kwa ubahili wake, anaweza hata kuzuia shughuli mpaka apewe kitu kidogo. Anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Kwa hiyo utani ni ruhusa ya kusema kweli hadharani, mradi kweli hiyo ivae nguo ya mzaha.

Chanzo cha pili ni ushindani wa pande mbili katika miji ya pwani. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameonyesha jinsi miji yetu ilivyogawanyika kati ya Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi, kwa ngoma na kwa karamu, huku kila upande ukiwasaidia watu wake katika shida. Chanzo cha tatu ni malumbano ya kishairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu kwa tungo, na mshairi aliyejibiwa alilazimika kujibu, la sivyo alihesabiwa ameshindwa. Tukivichukua vyanzo hivi vitatu kwa pamoja, yaani ruhusa ya mtani, pande mbili za mji na wajibu wa kujibu, tunapata kijiwe cha Kariakoo. Mpira umeingia katika nyumba iliyokuwa imeshajengwa.

Kifani, soga hizi zina tofauti moja kubwa na ngano. Katika ngano fanani anasimulia na hadhira inaitikia. Kijiweni hadhira ndiyo fanani wa zamu inayofuata. Anayesikiliza anasikiliza kwa kutafuta kosa. Ukisema mwaka ukaukosea, hujamaliza sentensi umeshakatwa: "We wee, ngoja kwanza, mwaka huo huyo mtu alikuwa hajasajiliwa!" Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kijiweni ni fupi zaidi, maana mwenye kuikata amekaa kwenye benchi hilo hilo.

NANI MKUBWA?

Mjadala mkongwe kuliko yote ni wa asili. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Jina rasmi ni Young Africans, ulimi wa mtaani ukalifupisha likawa Yanga. Simba ilianzishwa mwaka 1936, ikapitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Makao ya klabu hizi, moja Jangwani na nyingine Msimbazi, yako mwendo mfupi tu kwa miguu.

Sasa msikilize mshabiki wa Yanga. Kwake mwaka mmoja ni umri wa baba na mtoto: "Nyie mmetoka kwetu, mliondoka mkaenda kujenga kibanda." Simulizi iliyozoeleka ndiyo hiyo, kwamba waanzilishi wa klabu ya pili walikuwa wamejitenga na ile ya kwanza. Mshabiki wa Simba hapingi tarehe. Anageuza maana yake: "Tuliondoka kwa sababu palikuwa hapakaliki." Msomaji ataona kwamba pande mbili zinakubaliana juu ya tukio na mpangilio wake, zinagombania tafsiri tu. Hivyo ndivyo wanahistoria wenye shahada wanavyofanya pia, sema wao hawapigi meza.

Tuangalie na lugha. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka, na kambi zake zikapewa majina ya viatu. Kambi moja iliitwa Raizoni, kutokana na viatu vya soli nene vilivyokuwa fasheni ya vijana siku hizo. Nyingine iliitwa Kandambili, ndala za mtu wa kawaida. Mpasuko huo ukazaa klabu ya Pan African mwaka 1976. Mtafiti anaweza kuandika kurasa 20 juu ya matabaka katika miji ya Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Kijiwe kilitumia maneno mawili, na kila aliyeyasikia alijua nani anamwonea nani wivu na nani anamdharau nani. Hiyo ni taashira iliyokomaa, na haikutungwa na mshairi yeyote mwenye kitabu.

MAGOLI NA KARANI WAKE

Ushahidi mzito wa hoja yetu uko kwenye matokeo. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni peke yake akifunga mabao 3. Mtoto aliyezaliwa miaka 30 baadaye katika nyumba ya Simba anaijua tarehe hiyo kama anavyojua ya kuzaliwa kwake. Hilo si ajabu, kila mtu hukumbuka ushindi wake. La ajabu ni kwamba hata nyumba ya Yanga inaijua. Isingewezekana waisahau, kwa sababu mtani hakuwapa nafasi.

Na wao wana yao. Mwaka 1968 Yanga ilishinda 5-0. Kwa hiyo Simba walipowafunga 5-0 mwezi Mei 2012, wazee wa Yanga waliweza kusema deni limelipwa tu, hakuna jipya. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikashinda 5-1, na kiganja kilichofunguka, vidole vitano hewani, kikawa salamu ya mtaani. Mabao matano yanaitwa "mkono". Ukimpungia mtani wako kwa heri siku kama hiyo, umemtukana bila kufungua mdomo.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi hauhusu mechi ya watani wenyewe. Mwaka 1979, katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika, Simba ilicheza na Mufulira Wanderers ya Zambia. Mechi ya kwanza Dar es Salaam, Simba ilifungwa 4-0. Ya marudiano Lusaka, Simba ikashinda 5-0 na kusonga mbele. Ukimwachia mshabiki wa Simba aisimulie, ataanzia Lusaka. Atakueleza jinsi wenyeji walivyojiandaa kusherehekea na jinsi uwanja ulivyonyamaza. Watu waliokuwepo Lusaka siku ile ni wachache mno ukilinganisha na wanaoisimulia, na hilo halimzuii mtu. Kama angekuwa msimulizi pekee, ile 4-0 ya nyumbani ingekuwa imekwisha kupotea. Lakini Yanga wapo. "Na nyumbani je? Sema na ya nyumbani!" Mmoja anatunza tano, mwingine anatunza nne, na kati yao matokeo yanabaki kamili. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kuandika historia. Kila mmoja alikusudia kumchoma mwenzake.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaodai kwamba mapenzi ya klabu yanaharibu ukweli. Mapenzi ya upande mmoja, ndiyo, yanauharibu. Mapenzi ya pande mbili zinazosikilizana yanaulinda.

SAFARI NA MAISHA YA MTAANI

Tanzu ya pili ya soga hizi ni hadithi ya safari. Mwaka 1974 Simba na Yanga zilikutana katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Yanga ikashinda 2-1. Mwaka 1975 zikakutana Zanzibar katika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, Yanga ikashinda 2-0. Kwa mtu wa kipato kidogo, njia ya kawaida ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza wakati ule ilikuwa treni ya Reli ya Kati, kupitia Morogoro, Dodoma na Tabora, zaidi ya kilometa 1,200. Zanzibar ilikuwa kuvuka bahari. Kwa hiyo hata kabla mpira haujachezwa, mshabiki alikuwa ameshapata la kusimulia.

Muundo wa hadithi hizi haubadiliki sana. Kwanza kuaga, mara nyingi kwa uongo: kazini mtu anasema anaumwa, nyumbani anasema ametumwa na kazi. Pili njiani, ambapo wa Simba na wa Yanga wanajikuta behewa moja, wanagawana mihogo na kutukanana hadi usiku wa manane. Tatu mji wa ugeni, ambapo msafiri anatafuta pa kulala kwa ndugu, kwa rafiki wa ndugu, au kwa mwanachama mwenzake asiyemjua hata jina. Nne mechi yenyewe, ambayo mara nyingi ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Tano kurudi, ama kwa nyimbo ama kwa kimya. Anayejua ngano zetu ataitambua njia hii: shujaa anaondoka, anajaribiwa, anasaidiwa na asiyemtarajia, anarudi na kitu.

Na hicho kitu ni kitu kweli. Aliyekwenda Mbeya anarudi na mchele wa Kyela, aliyekwenda Tanga anarudi na machungwa ya Muheza, wa Mwanza atakuletea sato. Mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo hafanyi safari ya hasara. Akifuata timu, anafuata na bei. Ndiyo maana soga iliyoanza na refa aliyekataa bao inaishia kwenye nauli, hali ya barabara, mavuno ya mwaka huo na jinsi watu wa huko wanavyotamka maneno. Mikoa ya nchi hii imejulikana kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam kupitia midomo ya namna hiyo. Mwanahistoria wa uchumi anayetaka kujua mtu wa kawaida aliishije wakati wa uhaba wa bidhaa mwanzoni mwa miaka ya 1980, asome takwimu, sawa, lakini amuulize pia mshabiki alikula nini njiani.

Aidha, tawi la washabiki ni chama cha kusaidiana. Mwanachama akifiwa, wenzake wanachangishana sanda, chakula na nauli ya kwenda kuzika. Na hapo utani wa mpira unarudi kwenye kazi yake ya asili, maana watakaokuja kumsema marehemu kwa mzaha ni wale wa klabu ya pili. Mtu aliyevaa jezi nyekundu miaka 40 anasindikizwa na watu wa njano na kijani wakilalamika kwamba kawakimbia kabla ya mechi. Watoto wake wanacheka huku wanalia. Hapo uadui unaosemwa magazetini hauonekani.

UPOFU WA KARANI

Sasa tufike kwenye sharti tulilolitaja mwanzoni. Kama kumbukumbu inatunzwa kwa sababu inamuuma mtani, basi kisichouma kinakwenda wapi?

Chukua mabingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Mwaka 1967 alikuwa Cosmopolitan ya Dar es Salaam. Mwaka 1975 ulikuwa zamu ya Mseto ya Morogoro. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Mbeya, na mwaka 1988 Coastal Union ya Tanga. Hizi si habari ndogo: timu za mikoani ziliwapiku vigogo wa mji mkuu wa biashara. Lakini kaa kijiweni Kariakoo asubuhi hadi jioni, huenda usizisikie hata mara moja. Mwaka 1975 hakucheka Simba wala Yanga, kwa hiyo hakuna aliyeuweka akiba. Tanga hali ni tofauti. Kule Coastal Union ana mtani wake, African Sports, na ubingwa wa 1988 una mtu wa kuutangaza na mtu wa kuubeza. Kumbukumbu inahitaji wawili.

Chukua na mipasuko. Ule wa Yanga uliozaa Pan African tumeutaja. Simba nayo ilipasuka katika muongo huo huo, wakatoka waliounda Nyota Nyekundu. Kwa kuwa pande zote mbili zina kidonda kimoja, hakuna anayemgusa mwenzake pale. Pan African ilichukua ubingwa wa mwaka 1982, ikawa na wapenzi wake, na leo ni jina linalotajwa na wazee tu. Aibu iliyo sawa kwa wote ni kama siri: haikanushwi, haisemwi.

Halafu kuna wanawake. Wamekaa majukwaani, wamepika vyakula vilivyouzwa nje ya uwanja, wameachwa na watoto wakati baba kafuata timu "kikazi". Katika hadithi ya safari wao wanaonekana mlangoni tu, wakati wa kuaga na wakati wa kurudi. Kijiwe kimekuwa benchi la wanaume, na karani wa kiume hakuona la kuandika. Hali imeanza kubadilika tangu klabu hizi zilipokuwa na timu za wanawake. Simba Queens ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika ya wanawake mwaka 2022, na bila shaka watani wamepata kipya cha kusemeana. Lakini miaka zaidi ya 80 iliyotangulia haijirudii.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba soga za washabiki ni fasihi simulizi yenye kanuni zake, na kwamba ndani yake mna historia iliyohakikiwa na mtu mkali kuliko mhariri yeyote, yaani mtani. Tumeonyesha pia kwamba mtani haandiki yasiyomfaa.

Kazi hii haiwezi kusubiri. Kijana wa miaka 20 aliyepanda treni kwenda Mwanza mwaka 1974 leo amepita miaka 70. Nakala za magazeti zinaweza kutupa matokeo ya Nyamagana. Haziwezi kutuambia mle behewani walisema nini. Isitoshe, jambo jingine linatokea mbele ya macho yetu. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka 0-0 Abidjan, ikafungwa 2-0 na Stella Abidjan hapa nyumbani. Kwa miaka 30 Yanga waliuchezea mkuki huo. Mwaka 2023 wao wenyewe wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho: wakafungwa 2-1 Dar es Salaam, wakashinda 1-0 Algiers, na kombe likaenda kwa USM Alger kwa magoli ya ugenini. Mwaka 2025 Simba wakafika fainali ya kombe hilo hilo, wakafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, wakatoka sare ya 1-1 Zanzibar. Kwa sasa bado watu wanapimana: nani alishinda ugenini, nani alifungwa kwao. Lakini kidonda kimeshakuwa cha wote wawili, na tumeona vidonda vya namna hiyo vinaishia wapi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wanafunzi wa fasihi simulizi, badala ya kungoja kupelekwa vijijini kukusanya ngano, waanze na vijiwe vya karibu. Wachukue kinasa sauti, wanunue kahawa, na wahakikishe wamemkalisha wa Simba pamoja na wa Yanga, maana ukimhoji mmoja peke yake umepata nusu ya ukweli. Wakimaliza na hao wawili, wavuke barabara wamuulize mama anayeuza chapati. Yeye ameyasikia yote miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza.